Mavyaa wa Tashkent, Mwanagenzi wa London

Nilikwenda Tashkent na jedwali. Lilikuwa la karatasi moja, safu mbili: kushoto Uingereza, kulia Uzbekistan. Pembeni niliorodhesha aina za tamthilia: tanzia, futuhi, historia, mapenzi. Safu ya kushoto niliijaza jioni moja, sikuhitaji hata kufungua kitabu. Nilikuwa nimefundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na cha sita kwa miaka tisa kule Tanga, na Shakespeare nilimjua kama nijuavyo njia ya kwenda soko la Ngamiani. Safu ya kulia ndiyo iliyokuwa na mashimo. Penye shimo niliandika "changa", pengine "imechelewa", na chini kabisa nikapiga hesabu: 1576, mwaka ambao James Burbage alijenga The Theatre huko Shoreditch, na 1914, mwaka ambao Padarkush, tamthilia ya kwanza ya Kiuzbeki ya namna ya kisasa, ilipanda jukwaani. Nikatoa, nikapata 338. Nikaipigia mstari mara mbili. Nilidhani nimeshapata mada ya tasnifu.

Msimamizi wangu alikuwa mzee tuliyemwita domla, kama wanavyowaita walimu wa chuo kule. Aliliangalia jedwali huku akinimiminia chai kwenye piyola, kile kibakuli chao kisicho na mkono. Aliimimina kidogo, haikufika hata nusu. Baadaye nilikuja kujua kwamba chai kidogo ni heshima: mgeni ajaziwe tena na tena, akae. Ukijaziwa pomoni ndiyo unaambiwa nenda. Siku ile mimi nilidhani mzee ni bahili.

"Qizim," akasema, yaani binti yangu, "Padarkush iliandikwa ili nani aitazame?"

"Watazamaji, domla."

"Watazamaji gani? Wanajua kusoma? Kiingilio chao kinakwenda wapi?"

Nikanywa chai. Sikuwa na jibu.

"Umemtwaa mtoto mchanga ukampiganisha na Hamlet," akasema. "Mtoto huyu ana ndugu yake kwa Waingereza. Ila hakai sebuleni. Kamtafute huko uani." Akachukua penseli, akapiga mkwaju juu ya ile 338 yangu.

Nieleze kwanza huyo mtoto ni nani. Padarkush maana yake ni muuaji wa baba: padar ni baba kwa Kiajemi, kush ni kuua. Aliiandika Mahmudxo'ja Behbudiy wa Samarkand mwaka 1911, wakati Turkistan iko chini ya Tsar. Ilibidi ipite kwa wakaguzi wa serikali, na Behbudiy, mtu mjanja, akaitabaruku kwa kumbukumbu ya miaka 100 ya vita vya Borodino, kati ya Warusi na Napoleon, vita ambavyo havimo ndani ya mchezo hata chembe. Ikapita. Ilichapishwa 1913, ikachezwa Samarkand Januari 1914, kisha Tashkent tarehe 27 Februari. Tarehe hiyo mpaka leo inahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa ukumbi wa maonyesho wa Wauzbeki.

Kisa chenyewe ni kifupi. Tajiri mmoja, ambaye hakupewa hata jina, anaitwa Boy tu, yaani Tajiri, hataki kumsomesha mwanawe Toshmurod. Shehe wa mtaa anamnasihi, hasikii. Anakuja Ziyoli, msomi wa kisasa, anamweleza haja ya kuwa na madaktari na mawakili wa kwao wenyewe, na tajiri anaanza kusinzia. Kusoma kwa nini, na yeye hajui alifu wala bee, ila mali anayo na karani wa kumwandikia anaye? Huku Toshmurod yuko kilabuni na wahuni, anatafuta pesa za kumwita mwanamke aitwaye Liza. Wenzake wanaingia nyumbani usiku, baba anauawa. Pingu, Siberia. Ziyoli anabaki jukwaani akisema kwamba huu ndio mwisho wa watoto wasio na elimu wala malezi.

Niliposoma mara ya kwanza nilijisemea: hii ni hotuba ya mahafali iliyovishwa joho. Hakuna kujiuliza, hakuna mzimu, hakuna aya ya kukariri.

Huyo ndugu wa uani alinichukua wiki sita. Nilipekua tamthilia za kisasi, nikapekua za majumbani kama Arden of Faversham ya 1592, ambamo mke anapanga mauaji ya mumewe, nikaona karibu lakini siyo. Nilimpata kwa bahati, nikisoma habari za burudani za sikukuu mjini London. Ni The London Merchant ya George Lillo, mtu aliyekuwa sonara, iliyochezwa Drury Lane mwaka 1731. Kijana mwanagenzi, George Barnwell, ananaswa na mwanamke wa mjini aitwaye Millwood. Anamwibia tajiri wake. Pesa haitoshi, anakwenda kumuua mjomba wake. Mwisho ni kitanzi.

Nilisimama pale maktaba nikapiga makofi kama mwehu. Kijana, mwanamke, pesa, damu ya mzee wa familia, sheria. Na siyo kisa tu. Kwa miaka mingi matajiri wa London waliwapeleka wanagenzi wao kuutazama mchezo huo Krismasi na Pasaka, kama vile watoto wanavyopelekwa chanjo. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza watu walikuja na wimbo wa zamani wa kisa hichohicho mkononi, wapate kuudhihaki, na wakaishia kutoa leso. Miaka tisa nimefundisha tamthilia za Kiingereza na sikuwahi kulisikia jina la Lillo, kwa sababu mtaala wetu ulirithi sebule ya Mwingereza, hatukuoneshwa uani kwake.

Nikarudi kwa domla mbio. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sasa wasimamishe hao ndugu wawili bega kwa bega," akasema, "uniambie wanatofautiana wapi." Akanijazia piyola mpaka ukingoni. Nilikuwa nimeshajifunza maana yake. Nikainuka nikaenda zangu maktaba.

Tofauti niliiona kwa yule anayekufa. Mjomba wa Barnwell hana hatia. Anakata roho akimwombea muuaji wake. Barnwell mwenyewe analia, anatubu, anapewa kurasa na kurasa za kuifungua roho yake kabla ya kitanzi. Lillo anakuonesha dhambi ikiingia moyoni mwa mtu mmoja, na ndani ya moyo huohuo ndimo inamotafutiwa dawa. Behbudiy hana muda na roho ya Toshmurod. Kijana anafungwa pingu, basi. Anayeshtakiwa jukwaani ni marehemu! Baba aliyelala usingizi akielezwa habari za shule ndiye aliyejichimbia kaburi, na waliokaa ukumbini ni mababa. Waliokwenda kuonywa London ni vijana. Waliokwenda kuonywa Samarkand ni wazazi wao. Kiingilio nacho mara nyingi kilikwenda kusaidia shule za mfumo mpya za Behbudiy na wanamageuzi wenzake, waliojiita jadid, neno ambalo Mswahili halimpi shida.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini baadhi ya wahusika hawana majina. Boy, Domla, Ziyoli: Tajiri, Shehe, Msomi. Kwa Waingereza mtindo huo upo tangu karibu mwaka 1500, katika Everyman, ambamo Mauti anamjia Mtu na anayebaki naye hadi kaburini ni Matendo Mema, huku Jamaa na Mali wameshaingia mitini. Ziyoli ni yule Maarifa wa Everyman aliyevaa suti ya mwaka 1911. Sasa niambie, mtoto huyo ana umri gani? Ana miaka mitatu au ana mia nne?

Jambo jingine lilinikaa. Kundi lililoleta Padarkush Tashkent liliongozwa na Abdulla Avloniy, ambaye mwenyewe alicheza tajiri, na kabla ya onyesho Munavvarqori, jadid mwenzake, alizungumza na watu. Aliwaambia ukumbi wa maonyesho ni ibratxona, nyumba ya kupatia ibra, na akaufananisha na nyumba iliyozungushiwa vioo pande zote. Hamlet naye anawaambia waigizaji kazi yao ni kuyashikia maumbile kioo. Vioo vyote viwili nimevifundisha darasani tangu hapo. Kioo cha Hamlet kinashikwa na mtu. Unaweza kutazama pembeni. Nyumba ya Munavvarqori huna pa kugeuzia uso.

Na neno tanzia! Sisi tunalitumia kwa mambo mawili, taarifa ya msiba na mchezo wenye mwisho mbaya, na hatuoni ajabu. Kule niliambiwa ta'ziya ni rambirambi. Mchezo wenyewe Behbudiy aliuita fojia, balaa. Mwingereza amechukua la Kigiriki, akalipa kanuni za Aristotle: shujaa mkubwa, kosa, kuporomoka. Tajiri wa Padarkush si mkubwa wa chochote, na ukimpima kwa kanuni hizo anafeli. Ukimpima kwa taarifa ya msiba, yaani "fulani amefariki, na chanzo ni hiki", anafaulu vizuri sana. Nilitaka kuiweka hoja hiyo mwanzo wa sura ya kwanza, domla akaniambia niiweke tanbihini, kwamba maneno yasinilevye. Naiona bado ni hoja nzuri.

Msidhani Shakespeare hakufika huko. Hamlet alifika mwaka 1935, akicheza Abror Hidoyatov chini ya mwongozaji Mannon Uyg'ur, kwa tafsiri ya mshairi Cho'lpon aliyepitia Kirusi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 4 Oktoba 1938, Cho'lpon alipigwa risasi na dola ya Stalin, siku moja na Fitrat, mwandishi wa Abulfayzxon, tanzia ya 1924 kuhusu mtawala wa Bukhara. Behbudiy alikuwa ameshauawa Qarshi tangu 1919. Nikiwa darasani Tanga nilizoea kusema kwamba mwandishi wa tanzia humtesa mhusika wake. Sentensi hiyo nimeiacha.

Hamlet akafasiriwa upya na Maqsud Shayxzoda. Naye akafungwa 1952, akatoka baada ya Stalin kufa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaleta Mirzo Ulug'bek, mchezo ambao Wauzbeki wengi watakutajia kwanza ukiwauliza tanzia yao kuu. Ulug'bek ni mjukuu wa Timur, mfalme mnajimu wa Samarkand, aliyeorodhesha nyota zaidi ya 1,000 na mahali pake mwaka 1437. Mwaka 1449 mwanawe Abdullatif alimpindua, akamruhusu aende Makka kuhiji, akakatwa kichwa njiani. Tazama mkono wa fasiri unavyofanya kazi: mtu aliyekaa miaka na kijana wa Denmark anayelipiza damu ya baba, akainuka na kuandika kisa cha kwao cha mwana anayemwaga damu ya baba. Ni padarkush yuleyule wa Behbudiy, safari hii amevaa taji, na mashairi ameazima kwa Shakespeare.

Nasi tuna mkono wa namna hiyo. Nyerere alimfasiri Juliasi Kaizari akiwa rais, 1963, kisha Mabepari wa Venisi, 1969. Nilimsimulia domla, akakaa kimya kidogo, akauliza: "Baada ya hapo aliandika tamthilia yake?" Nikamwambia hapana, alikuwa na nchi ya kuendesha. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilipanda treni kwenda Samarkand nikamwone huyo Ulug'bek. Amelala Gur-Amir, miguuni pa babu yake Timur, chini ya kuba la samawati. Mwaka 1941 kaburi lilifunguliwa, mifupa ikaonesha kweli kichwa kilitenganishwa na mwili. Baba mmoja alikuwa amewaleta wanawe wawili, anawasimulia kwa sauti ya chini, na mdogo akauliza jambo ambalo kwa Kiuzbeki changu cha mwaka mmoja nililielewa: "Yeye mtoto alimfanya hivyo kwa nini?" Baba akasogeza kofia yake ya do'ppi mbele, akairudisha nyuma. Hakujibu. Shayxzoda alihitaji mchezo mzima.

Mapenzi, mstari wa nne wa jedwali langu, yalinishinda kwa njia nyingine. Nilikuwa natafuta Romeo na Juliet wa Kiuzbeki wa kusemwa, nikaandika "haipo". Kumbe wanaimbwa. Layli va Majnun, Tohir va Zuhra, Farhod va Shirin, vyote ni tamthilia za muziki, na chimbuko la baadhi yake ni tenzi za Alisher Navoiy za karne ya 15. Mtu wa pwani, aliyekulia kwenye taarabu, nilipaswa kulibaini hilo bila kufundishwa. Mahaba hayasemwi yakaisha.

Kuna siku nilisoma kwamba mwanamke wa kwanza kupanda jukwaa la kulipwa Uingereza alicheza Desdemona, London, Desemba 1660. Kabla ya hapo wanawake walichezwa na wavulana. Kule Turkistan pia, Padarkush ilipoanza, wanaume ndio walivaa nguo za kike. Wanawake walipoanza kupanda wenyewe, bei yake ilikuwa damu. Tursunoy Saidazimova aliuawa na mumewe 1928, Nurxon akauawa na kaka yake 1929, wote wawili mabinti wadogo. Mwaka 1941 Sora Eshonto'rayeva akacheza Desdemona mbele ya Othello wa Hidoyatov, mke anayeuawa na mumewe chumbani, katika nchi ambayo miaka kumi na mitatu tu nyuma jambo hilo halikuwa mchezo. Hii sikuiweka kwenye jedwali lolote.

Sasa futuhi. Hapo ndipo nilipocheka hadi nikapata kesi nyumbani.

Futuhi ya Kiuzbeki ina mizizi mirefu kuliko jukwaa lake: wachekeshaji wa uwanjani waitwao masxaraboz na qiziqchi, na askiya, mashindano ya maneno ya bonde la Fergana ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014. Wanachagua mada, tuseme tikiti, na kila mtu lazima amchome mwenzake kwa maneno ya tikiti yenye maana mbili. Anayeishiwa ameshindwa. Nilihudhuria moja, nikaelewa labda theluthi moja, na theluthi hiyo ilinikumbusha vijembe vya khanga, tofauti wanarushiana waziwazi uso kwa uso.

Nikakata tiketi ukumbi wa taifa, mtaa wa Navoiy, kutazama Kelinlar qo'zg'oloni, Uasi wa Wakaza Mwana, ya Said Ahmad, ya mwaka 1976. Farmonbibi ana wana saba, wake zao saba, na wajukuu jeshi zima, wote ua mmoja. Farmon maana yake amri, na jina limemkaa. Mishahara inapita kwake, funguo ziko kwake. Anaingia Nigora, mke wa mwana wa saba, na mambo yanaanza kwenda mrama.

Kulia kwangu alikaa mama wa makamo, kilemba cha maua, meno mawili ya dhahabu. Kabla pazia halijafunguka akanipa konzi ya mbegu za alizeti, akaniuliza: "Siz kelinmisiz?" Wewe ni mkaza mwana? Nikasema ndiyo. Akaniangalia kwa huruma, akanipa konzi ya pili. Farmonbibi alipoingia, ukumbi mzima ulipiga makofi kabla hajafungua kinywa. Mama wa kulia kwangu akawa anayasema maneno sambamba naye, midomo inacheza, neno kwa neno. Kushoto binti wa miaka ishirini hivi naye anayasema ya Nigora. Mimi nipo katikati, mbegu mkononi.

Nikamkumbuka Lady Bracknell wa Oscar Wilde, 1895, anayemhoji Jack, kijana anayemposa binti yake, kwa daftari na penseli kama anataka kumwajiri. Naye ni jabali la mama. Lakini mchezo wa Wilde unaisha pale wachumba wanapokumbatiana. Ndivyo futuhi za Kiingereza zinavyokwenda tangu Shakespeare: As You Like It inafunga ndoa nne kwa mpigo, pazia, kwaheri. Atakayewapikia, atakayeshika funguo, hakuna anayeuliza. Said Ahmad anaanzia pale Mwingereza anapozima taa. Harusi imeshapita. Bibi harusi amefika uani, ameweka begi chini, na mavyaa anamwangalia.

Usiku ule niliandika sura ya tatu yote, na domla aliisahihisha nukta na koma tu.

Niliporudi likizo, mavyaa wangu aliniuliza nilikuwa nasoma nini miaka yote ile. Tulikuwa barazani, anachambua mchele. Nikamsimulia Farmonbibi mwanzo mwisho, na ungo ukawa umesimama. Mawifi zangu wawili waliokuwa jikoni wakaacha kuosha vyombo. Nilisikia maji yamefungwa.

"Wakwe saba?" akauliza.

"Saba, mama."

"Na pesa zote anashika yeye?"

"Zote. Na funguo."

Akatikisa ungo, akapuliza makapi. "Na huyo wa saba, mwenye kelele, kupika anajua?"

Nikamwambia sikumbuki kama mchezo ulisema.

"Unaona," akasema, akarudi kwenye mchele wake. Jikoni kulisikika kicheko kimoja, halafu bomba likafunguliwa kwa nguvu sana.